Hita ya Gereji: Hesabu Kwanza, Duka Baadaye

Leo naweka kando mambo ya programu na hifadhidata nizungumzie baridi. Ndiyo, baridi. Mlioko Mombasa, Lamu na Malindi mna ruhusa ya kucheka mpaka mbavu ziume, lakini sisi tunaoishi huku Limuru, takriban mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, ikifika Juni hatucheki. Kuanzia mwezi huo hadi Agosti mawingu mazito hutanda juu ya nyanda za juu za kati, jua linaweza kupotea siku tatu mfululizo, na ukungu unakufuata mpaka mlangoni. Wazee wa hapa wanauita msimu huu gathano. Watu wa Nyahururu, Kinangop, Molo na Timboroa wananielewa bila maelezo.

Nikisema gereji, sizungumzii zile za Grogan ambako gari huingia zima na kutoka vipande. Nazungumzia chumba cha gari kilichoshikana na nyumba, ambacho mimi nimekigeuza kuwa karakana. Gari linalala nje. Ndani kuna meza ya kulehemu saketi, printa ya 3D, randa, msumeno, tarakilishi ya zamani inayoendesha printa, na rafu ya vitu ambavyo mke wangu huviita takataka na mimi huviita vipuri. Mchana niko kazini naandika programu. Jioni, kuanzia saa moja hadi saa nne, naingia humo kutengeneza kitu kinachoshikika kwa mkono.

Baridi katika karakana si suala la starehe tu. Gundi nyeupe ya mbao haishiki vizuri joto likishuka chini ya nyuzi 10 hivi. Gundi ya epoksi inachelewa kukauka. Plastiki ya ABS kwenye printa inapigwa na upepo baridi na kupasuka kati ya tabaka. Na vidole vilivyokufa ganzi havifai kuwa karibu na msumeno. Kipimajoto changu Julai kilikuwa kikisoma nyuzi 9 saa kumi na mbili jioni, humo humo ndani.

Lakini kilichonifanya nilichukulie jambo hili kwa uzito ni mpwa wangu. Amemaliza shule ya upili, anasubiri kujiunga na chuo, na msimu huu anakaa kwetu. Ameupenda ufundi wa elektroniki kuliko nilivyotarajia. Mara nyingi anaingia karakana kabla sijafika nyumbani na kubaki baada yangu. Jioni moja akaniuliza, kwa heshima zote, "Mjomba, si niwe nawasha jiko kidogo huku ndani kabla hujarudi?" Fundi aliyekuwa ananirekebishia mlango akamuunga mkono: "Boss, kwani jiko lina ubaya gani? Sisi tumelelewa nalo."

Nilimjibu mpwa wangu hapana, tena hapana isiyo na mjadala. Lakini kijana wa umri ule ukimpa katazo bila sababu, siku ambayo haupo atajaribu. Kwa hiyo tulikaa chini na karatasi, tukapitia kila njia ya kupasha joto chumba kile, moja baada ya nyingine. Ninayoandika hapa ndiyo tuliyoyapata.

Tuanze na jiko lenyewe. Kila msimu wa baridi habari za Kenya hazikosi kisa cha watu waliolala na jiko la makaa ndani na hawakuamka. Muuaji ni gesi ya kaboni monoksidi. Makaa yakiungua bila hewa ya kutosha, kaboni haipati oksijeni ya kuikamilisha kuwa kaboni dioksidi, hivyo inabaki nusu njia. Gesi hii haina rangi wala harufu. Ukiivuta inajishikiza kwenye damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, na damu inaendelea kuzunguka ikiwa imebeba mzigo usiofaa. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kisha usingizi. Mtu hudhani amechoka tu.

Watu wengi hudanganywa na moshi. Wanawasha jiko nje, wanangoja moshi uishe na makaa yawe mekundu, kisha wanaliingiza ndani wakiamini hatari imebaki uani. Moshi ndio umebaki uani. Makaa mekundu yasiyo na moshi yanaendelea kutoa kaboni monoksidi saa nzima. Lile jiko letu lenye kikombe cha udongo, lililobuniwa hapa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, ni kazi nzuri sana ya uhandisi na limeokoa makaa mengi, lakini liliundwa lipunguze makaa. Halikuundwa liwe salama ndani ya chumba kilichofungwa. Tena sisi wa nyanda za juu tuna hewa nyepesi. Kwa urefu huu kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa karibu robo ukilinganisha na ile ya Mombasa. Tunaanza mchezo tukiwa tayari tumefungwa bao.

"Na tukifungua dirisha?" mpwa wangu akauliza. Swali zuri. Dirisha dogo huenda likatosha leo na lisitoshe kesho, kulingana na upepo, na hakuna kinachokuonyesha tofauti. Ukilifungua kiasi cha kutosha kabisa, joto lote linatoka nalo, na umerudi ulikoanzia. Jiko likatoka kwenye orodha.

Sasa hesabu. Kosa ninaloliona madukani ni watu kuchagua hita kwa ukubwa wa boksi, au kwa maneno ya muuzaji kwamba hii "inatosha chumba kikubwa". Chumba kikubwa kipi? Chenye dari au cha mabati matupu? Swali la kwanza si hita gani bali chumba chako kinapoteza joto kiasi gani.

Karakana yangu ina urefu wa mita 6, upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.5. Hiyo ni mita 45 za ujazo. Hewa ya Limuru ina uzito wa takriban kilo 0.95 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo hewa yote humo ndani ni kama kilo 43. Kuipandisha joto kwa nyuzi 9 kunahitaji karibu kilojuli 390, ambazo ni kama sehemu moja ya kumi ya uniti moja ya stima. Yaani shilingi chache tu! Mpwa wangu alidhani nimekosea nukta. Sikukosea. Kupasha hewa ni rahisi sana. Kazi ni kuizuia isitoroke, maana joto hutoka usiku kucha kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Hita kazi yake ni kujaza ndoo hiyo kwa kasi ile ile inayovuja.

Tukazihesabu tundu za ndoo. Kila sehemu ya jengo hupitisha wati kadhaa kwa kila mita ya mraba, kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Nilitumia makadirio ya kawaida ya wahandisi wa majengo:

Mabati bila dari: mita za mraba 18, mara 7, ni wati 126 kwa kila nyuzi.
Mlango wa chuma: mita za mraba 5, mara 6, ni wati 30.
Kuta tatu za mawe ya kuchonga (wa nne tunashiriki na nyumba): mita za mraba 25, mara 2.5, ni kama wati 63.
Hewa inayopenya kwenye nyufa, nikichukulia hewa yote hubadilika mara tatu kwa saa: wati 36.

Jumla wati 255 kwa kila nyuzi. Sakafu niliiacha kwa sababu udongo ulio chini yake hubadilika joto polepole sana. Ukitaka ndani pawe na joto zaidi ya nje kwa nyuzi 10, unahitaji wati 2,550 bila kupumzika. Hiyo ni hita kubwa kabisa ya soketi ya kawaida, ikiunguruma muda wote, na bado hujaongeza akiba ya ule usiku mbaya zaidi.

Angalia orodha tena. Nusu ya joto inapitia kwenye mabati. Joto hupanda juu, na juu tumeweka bati jembamba ambalo linapigwa na ubaridi wa anga usiku kucha. Hapo ndipo nilipofunga ukurasa wa maduka ya hita na kumpigia simu fundi wa dari.

Tuliweka dari ya bodi za jipsamu, na juu yake tukatandaza polistirini ya milimita 50, ile nyeupe nyepesi kama inayozunguka runinga mpya kwenye boksi. Neno moja la tahadhari: polistirini ikishika moto inatoa moshi mweusi mzito wenye sumu, kwa hiyo isiachwe wazi ndani ya karakana. Jipsamu ikae upande wa chumba na polistirini ijifiche juu, mbali na waya na taa zinazopata moto. Dari hiyo ikaishusha ile namba ya paa kutoka wati 126 hadi kama 13. Kisha tukabandika mpira wa kuzibia kuzunguka mlango wa chuma na kuziba mwanya wa chini, nikakadiria hewa inayopenya imepungua nusu, kutoka wati 36 hadi 18.

Jumla mpya: 13 kujumlisha 30 kujumlisha 63 kujumlisha 18, yaani 124. Chini ya nusu ya mwanzo, na hatujanunua hita bado. Kwa nyuzi 10 sasa nahitaji wati 1,240 tu.

Mke wangu, ambaye ndiye waziri wa fedha wa nyumba hii, aliuliza swali ambalo kila mtu anapaswa kuuliza: dari inagharimu kiasi gani na italipa lini? Mbao, bodi, polistirini na kazi ya fundi vilifika shilingi 28,000. Kwa hesabu nilichukua shilingi 30 kwa uniti. Wewe angalia risiti yako ya tokeni, gawanya pesa kwa uniti, tumia namba yako. Bila dari, saa nne za jioni zingemeza kama uniti 10, yaani shilingi 300. Na dari pamoja na mpira wa mlango, nilikadiria kati ya uniti 4 na 5, tuseme shilingi 130. Akiba ni shilingi 170 kwa jioni. Nikifanya kazi jioni nne kwa wiki, kwa wiki 13 za baridi, ni jioni 52, na akiba ya shilingi 8,840 kwa msimu. Dari inajilipa baada ya misimu mitatu na kitu. Akaikubali bajeti, kwa sharti kwamba kelele za mvua juu ya mabati zipungue pia. Zimepungua.

Sasa ndiyo twende dukani.

Jambo la kwanza ambalo nataka ulibebe kutoka ukurasa huu: hita zote za stima zinazotumia waya wa kupata moto zina ufanisi ule ule. Uniti moja ya stima ikiingia, uniti moja ya joto inatoka. Ya bei ya chini na ya bei ya juu, ya feni na ya mafuta, ya kauri na ya "teknolojia mpya", zote. Boksi likikuambia hita ya wati 1,500 inatoa joto kuliko nyingine ya wati 1,500 na kuokoa nusu ya bili, boksi hilo linabishana na fizikia, na fizikia haijawahi kushindwa. Hata tarakilishi yangu ikila wati 200 ni hita ya wati 200 inayofanya hesabu njiani. Wewe mwenyewe ukikaa kimya ni hita ya kama wati 100.

Kinachotofautiana ni mahali joto linakoenda, kasi yake, na hatari yake. Hapo ndipo uchaguzi ulipo.

Hita ya feni ni ya bei nafuu na inapasha hewa haraka. Lakini katika karakana inavuta vumbi la mbao na kulipitisha juu ya waya wenye moto. Utasikia harufu ya kuungua, na hiyo harufu ni onyo. Pia inapiga kelele na kupuliza upepo juu ya printa, jambo ambalo ABS hailipendi. Ofisini sawa, kwangu hapana.

Hita ya miale, ile yenye mirija inayong'aa nyekundu, inafanya kazi kama jua: haipashi hewa sana, inakupasha wewe na meza iliyo mbele yake. Ukiiwasha unasikia joto papo hapo. Kama kazi yako ni kukaa mahali pamoja kwa nusu saa katika banda lisilo na dari, hii ndiyo inayofaa, kwa sababu haihangaiki na ndoo iliyotoboka. Lakini kitu kinachong'aa kwa moto, vumbi la mbao, vanishi na thina havikai chumba kimoja kwa amani. Na kama kuna petroli, usifikirie mara mbili. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni na kusafiri mpaka uikute cheche. Tulihamishia mashine ya kukata nyasi na kidumu chake kwenye kibanda cha nje kabla ya hita yoyote kuingia.

Hita ya gesi ilinivutia kwa bei. Kilo moja ya gesi ya kupikia ina nishati ya karibu uniti 13 za stima. Ukinunua mtungi wa kilo 13 kwa shilingi 3,000, kwa mfano, umepata kama uniti 166 za joto kwa shilingi 18 kila moja, dhidi ya zile 30 za stima. Nafuu, sivyo? Subiri. Kwanza, moto huo nao unakula oksijeni ya chumba, na ukikosa hewa unatoa kaboni monoksidi kama binamu yake jiko. Kwa hiyo lazima hewa iingie, na ukiruhusu hewa umerudisha tundu ulizoziba. Pili, gesi ikivuja hutua chini kama petroli. Tatu, jambo ambalo wengi hawalijui: kilo moja ya gesi ikiungua huzaa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji, kwa sababu haidrojeni iliyomo huungana na oksijeni. Jioni moja ya saa nne ingemwaga zaidi ya nusu lita ya maji hewani. Mvuke huo unatafuta vitu baridi na kugeuka umande juu yake, na vitu baridi katika karakana ni randa, patasi, meza ya msumeno na saketi zangu. Ningekuwa nanunua joto na kutu kwa pamoja.

Kuna pia mashine ambayo watu wa pwani wanaijua upande mmoja tu: eyakondisheni. Ile ya aina inayogeuka hufanya kazi kama friji iliyopinduliwa, inachota joto nje na kulileta ndani. Hiyo kweli inakiuka ile kanuni ya uniti moja kwa moja, kwa sababu haitengenezi joto, inalihamisha tu. Uniti moja ya stima inaweza kukuletea joto la uniti tatu hivi katika baridi ya kwetu isiyofika barafu. Kama unapasha chumba saa kumi kila siku, ifikirie. Kwa jioni nne kwa wiki na miezi mitatu kwa mwaka, bei ya mashine na ya kuifunga haikuingia kwenye bajeti ya waziri wangu.

Ikabaki hita ya mafuta, ile yenye mapezi kama mbavu. Waya wa moto umezama ndani ya mafuta yaliyofungwa. Hayaungui, hayaongezwi, yanasambaza joto tu. Uso wake unapata moto lakini haung'ai. Haipulizi vumbi, haipigi kelele. Ubaya wake ni uvivu: inachukua nusu saa kuamka. Niliyonunua ina ngazi tatu, wati 800, 1,200 na 2,000, ina swichi inayokata stima ikianguka, na kinga inayoizima ikipata moto kupita kiasi. Hiyo ya 1,200 inakaribiana na namba yetu ya 1,240, na ya 2,000 ni ya kuamshia chumba.

Kabla ya kuichomeka tulikagua waya. Stima yetu ni volti 240. Wati 2,000 gawanya kwa 240 ni ampea 8.3. Soketi zetu za miguu mitatu na fyuzi yake ya ampea 13 zinaweza hilo, iwapo nyuma ya ukuta kuna waya unaostahili. Gereji nyingi zilijengwa na taa moja tu, kisha mtu akavuta soketi kutoka kwenye waya wa taa. Waya huo si wa kubeba hita. Mwite fundi wa stima mwenye leseni afungue aangalie. Soketi ya hita inapaswa kuwa na waya wa milimita za mraba 2.5 unaotoka moja kwa moja kwenye boksi la fyuzi. Ekstensheni usitumie, hasa ile iliyokunjwa kwenye kigurudumu chake, maana joto la waya uliokunjwa halina pa kwenda. Baada ya nusu saa ya kwanza, gusa plagi. Uvuguvugu ni sawa. Ikiwa moto wa kukufanya uondoe mkono, zima na umwite fundi.

Sasa mwanaprogramu ndani yangu akaamka. Nina kipande cha ESP8266 mezani, nina kihisi cha joto cha DS18B20, nina relei ndogo ya bluu. Mpwa wangu alikuwa tayari amechora mchoro: kihisi kinasoma joto, programu inaamua, relei inawasha hita, na tunaangalia yote kwenye rununu. Ni mradi mzuri, na kwa taa au pampu ndogo ningemwambia aendelee.

Kwa hita nilimsimamisha. Relei ile imeandikwa ampea 10, lakini njia za shaba kwenye bodi yake ya bei nafuu ni nyembamba, na ampea 8.3 kwa saa nne kila jioni ni mzigo wa kuipika. Hilo lingetatuliwa kwa kontakta nzuri. Tatizo kubwa zaidi ni programu. Programu hukwama. Naijua kazi hii, na programu ikikwama wakati relei imefunga, hita inabaki imewaka na hakuna mtu wa kuambiwa. Tovuti ikianguka usiku, naamka naiwasha upya. Karakana iliyoshikana na vyumba vya kulala haina kitufe cha kuwasha upya. Kwa hiyo tuligawa kazi: kidhibiti cha hita yenyewe, kile cha bati mbili zinazojikunja kwa joto, ndicho kinachowasha na kuzima. Kifaa cha mpwa wangu kinasoma na kuandika tu. Kina vihisi vitatu, kimoja nje, kimoja mezani, kimoja karibu na dari, na kinatuma namba kila dakika kwenye tarakilishi. Macho anayo, mikono hana.

Na namba zikaja. Jioni moja ya Julai, saa kumi na mbili, mezani palikuwa nyuzi 9.4. Tuliwasha wati 2,000. Saa moja palikuwa 14.6. Tukashusha hadi 1,200, na saa mbili palikuwa 16.8, kisha kidhibiti kikaanza kuzima na kuwasha chenyewe. Mpaka saa nne, kipimo cha kuchomeka kwenye soketi kilisoma uniti 4.6. Tulikuwa tumekadiria kati ya 4 na 5. Mpwa wangu aliitazama karatasi yetu, akaitazama namba, akatabasamu kama mtu aliyeona mtihani wake umesahihishwa.

Kitu kimoja kilichotushangaza ni kihisi cha darini: kilisoma nyuzi 4 zaidi ya mezani. Joto lilikuwa limerundikana juu ambako hatukai. Feni ndogo ya tarakilishi, ya volti 12 na wati 3, tuliitundika juu ikisukuma hewa chini polepole, mbali na printa, na tofauti ikashuka hadi nyuzi moja na nusu. Wati 3! Hiyo ndiyo raha ya kupima.

Kama unataka kufuata njia hii, mpangilio wangu ni huu: ondoa petroli na thina, ziba paa kabla ya kitu kingine, ziba mlango, piga hesabu ya wati, kagua waya, kisha ndiyo uchague hita kulingana na kazi. Ukikaa mahali pamoja kwa muda mfupi na hakuna vumbi wala mvuke, miale. Ukikaa jioni nzima katika chumba kilichozibwa, mafuta. Ukiondoka, zima ukutani, si kwenye hita tu.

Na kama kwako kuna mtu anayelala au kufanya kazi na jiko ndani, usimkataze tu. Kaa naye chini na karatasi. Ukimkuta analalamika kichwa kinamuuma na usingizi unambeba, mtoe nje kwenye hewa safi mara moja, kisha hospitali, hata akikuambia ni uchovu. Yule fundi wetu wa mlango aliposikia maelezo ya makaa yasiyo na moshi alinyamaza kidogo, kisha akasema mama yake mzee kule Kinangop huingiza jiko chumbani kila usiku. Hakungoja kumaliza kazi. Alitoka nje akampigia simu.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, nitaandika jinsi mpwa wangu alivyohifadhi zile namba zake za joto na kuchora grafu. Mpaka hapo, jikingeni na baridi.